Shujaa Aliyebeba Mlima

Kila alasiri baada ya shule, Jocelyne alikaa kwenye kona ya meza ya mama yake, Clémentine, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg. Mama alishona, yeye akachora katuni. Mwezi huo alimchora shujaa mwenye mkia, anayeruka juu ya maghorofa akiwa amebeba mlima mzima wenye dawa ya majeruhi.

Mwalimu Ignace aliupenda mchoro huo, akaubandika ukutani kwa ajili ya siku ya wazazi.

“Umemtoa wapi shujaa huyu?” aliuliza mbele ya darasa.

“Kichwani mwangu tu, Mwalimu.”

Kavitha, rafiki yake wa dawati moja, alimtazama, kisha akainama. Hadithi ile walisimuliwa wote wawili na bibi yake Kavitha: nyani shujaa wa masimulizi ya kale ya India alitumwa kuleta mmea wa dawa, akashindwa kuutambua, basi akaung’oa mlima wote.

Siku ya wazazi, bibi huyo alisimama mbele ya mchoro, akacheka kwa furaha.

“Kumbe ulikuwa unanisikiliza! Na viatu umemvalisha!”

Mwalimu aligeuka. “Bibi, unamfahamu shujaa huyu?”

“Tangu utotoni. Hajakwambia?”

Uso wa Jocelyne uliwaka moto. Mama yake, ambaye asubuhi aliwatangazia wateja wote kwamba binti yake amebuni shujaa, alikuwa amesimama palepale. Jocelyne hakuthubutu kumtazama.

“Nilidanganya,” alisema kwa sauti ndogo. “Hadithi ni ya bibi. Kavitha, nisamehe.”

“Uliniumiza,” alisema Kavitha. “Tena mkia umeukosea. Ungeniuliza, ningekusaidia.”

“Wachoraji wengi wa katuni huchota kwenye masimulizi ya kale kama hayo,” alisema Mwalimu Ignace. “Hilo si kosa. Kosa ni jibu ulilonipa.”

Akampa kalamu. Huku machozi yakimlenga, Jocelyne aliandika chini ya mchoro kwamba hadithi inatoka India, na kwamba amesimuliwa na bibi yake Kavitha.

Clémentine alisubiri amalize.

“Mwanangu, mimi pia hushona mitindo ya mafundi wenzangu,” alisema. “Mteja akinisifu, namtajia fundi aliyeubuni mtindo huo, na bado anarudi kwangu. Kuiga waziwazi ni kujifunza. Ukificha ulikotoa, umeiba.”