Lugha ya Nne na Ndoo za Mama

Ulimwona, ukageuza uso. Mama mtu mzima anashuka ghorofa nne na ndoo mbili, anakuta bomba la uani ni kavu, anapanda tena na ndoo tupu. Ukajisemea si mama yako. Basi sikiliza habari za mwanawe, ambaye hakuwa na kisingizio hicho.

Nyumbani walimwita Mwanzo, kwa sababu kila kitu alikianza, asikimalize. Alikuwa akijifunza lugha za programu, yaani maneno ya kuiamuru kompyuta ifanye kazi. Alimwahidi mama yake kwamba maji yakifunguliwa, simu itamwambia. Hatashuka bure tena.

Alianza na lugha iitwayo Python. Alipoanza kuielewa, rafiki zake wakamwambia hiyo ni ya watoto, wanaume wako kwenye Java. Akahamia. Baadaye akasikia JavaScript ndiyo yenye ajira. Akahamia tena. Kila akihama alirudi somo la kwanza, lile la kuiamuru kompyuta iandike "Habari, dunia".

Siku moja mama yake alichungulia begani mwake.

"Mwanangu, dunia umeshaisalimia vya kutosha. Na mimi je? Mchagua jembe si mkulima."

Mwanzo alicheka, akaendelea kutafuta lugha ya nne.

Asubuhi moja mama aliteleza kwenye ngazi akirudi kutoka bombani. Ndoo zilikuwa tupu. Nyonga ikavunjika.

Jirani wa ghorofa ya chini, dada aliyeandika programu za hospitali, alikuja kumjulia hali. Mwanzo akamvuta kando. Hata siku ile alitaka kujua ajifunze lugha gani sasa, labda ile ya kutengenezea programu za simu janja.

Dada akamwuliza, "Simu ya mama ni ya namna gani?"

Mwanzo akatazama kitandani. Ilikuwa ya vitufe, isiyoweza kubeba programu kama hizo. Akina mama wengi wa jengo lile walikuwa na za namna hiyo hiyo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Mdogo wangu, umeshika mkia ukidhani ni kichwa," dada akasema. "Kwanza uliza kazi ni ipi, na ataitumia nani, kwa chombo gani. Kisha jiulize kama lugha unayoijua inatosha. Ikitosha, usihame. Isipotosha, chagua inayofaa kazi hiyo, tena yenye mtu karibu wa kukusahihisha. Hapa unataka ujumbe mfupi tu. Python inatosha."

"Ile niliyoiacha?"

"Hiyo hiyo."

Wakawa wanakaa pamoja kila dada akitoka kazini. Programu ilipokwama, Mwanzo alitamani kuikimbia. Dada alimrudisha kwenye kosa, wakalisoma mstari kwa mstari mpaka likatoka.

Sasa mtunza bomba akifungua maji hutuma neno moja kwa programu ya Mwanzo, nayo hulisambaza, na simu za jengo zima hulia. Akina mama hushuka mara moja, wakapanda na ndoo zilizojaa.

Simu ya mama nayo hulia, pale kitandani. Huisoma polepole, kisha humwita mwanawe.

"Maji yamekuja, baba. Nenda wewe. Mimi mguu umekataa."

Hasemi kwa hasira, na hilo ndilo humkata Mwanzo maini. Lugha ya kwanza ilitosha tangu ngazi ilipokuwa bado haijamwangusha mtu.

Na wewe unayeuliza ujifunze lugha gani tena, acha kuuliza. Ifungue ile kazi uliyoiacha nusu. Nenda kwa anayeisubiri, umwambie akuonyeshe simu yake. Kungoja kesho ndiko kulikomvunja yule mama. Inuka sasa.