Mtambo wa Upepo Penye Dimbwi la Kuro

Maji ya mtungini yalianza kunuka mnyama. Ashatu aliyamwaga, akausugua mtungi kwa majivu, akateka mengine. Kufika adhuhuri yalinuka vilevile, harufu nzito ya manyoya yaliyolowa.

"Paka kaingia," alisema mumewe, Mwinshehe.

"Paka hanuki hivi. Hii ni kuro."

Mwinshehe aliusogeza mtungi kando. Kuro, wale swala wakubwa wa kandokando ya maji, walikuwa wakinywa kwenye dimbwi lililo ndani ya pori la akiba, na aliyewaondoa ni yeye.

Mwaka ule, 1972, alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wachumvi, kaskazini ya mto Wami. Walikuwa wakichemsha chumvi kwa kuni za mikoko, mpaka mikoko ikakaribia kwisha. Benki ikakubali kuwakopesha mtambo wa upepo wa kuvuta maji ya bahari hadi kwenye majaruba ya chumvi, jua limalize kazi. Sharti likawa moja: mtambo usijengwe ndani ya pori. Lakini upepo mzuri ulikuwa kwenye kilima cha pale dimbwini. Mwinshehe aling'oa nguzo ya mpaka, akaichimbia ng'ambo ya dimbwi, ili kilima kionekane kiko nje ya pori. Mtambo ukasimama, kuro wakahama.

Bi Mize, mganga wao, alionya kwamba dimbwi lina mwenyewe, jini. Aliagiza apelekewe wali na nyama ya mbuzi, vyote bila chumvi, kama kinavyopikwa chakula cha majini. Ashatu ndiye aliyepika. Maisha yake yote alikuwa mke na binti wa wachumvi. Mkono ulichota chumvi na kuitia wenyewe, na alipokumbuka, sufuria ilikuwa imeshaondoka. Mwenyewe wa dimbwi alipelekewa chumvi, kitu kile kile kinachotumiwa kufukuza majini.

Sasa Hija, binti yao mchanga, alikuwa hashiki titi, wakamwita Bi Mize nyumbani.

"Shikamoo, Bi Mize," Ashatu alisema, akampa mtoto.

"Marahaba." Bi kizee alimnusa Hija utosini, akarudisha kichwa haraka. Sauti yake ikashuka. "Mwenye dimbwi yumo humu ndani. Mlimkaribisha, kisha mkamtukana. Mwinshehe, baba, uteremshe ule mtambo. Mpaka urudi mahali pake."

"Mkaguzi wa benki anakuja Alhamisi, Bi Mize. Asipoukuta umesimama, fedha iliyobaki hatupewi. Watu watarudi kwenye mikoko."

"Mkaguzi ndiye atakayemnyonyesha mwanao?" Ashatu aliuliza.

"Ni siku chache tu, mama Hija."

"Mwambie yeye, anayekonda. Mimi usiniambie."

Kila jua lilipofika utosini, kwato ziligonga nje ya ukuta, polepole, zikauzunguka nyumba na kusimama mlangoni, na Ashatu alipochungulia hakuona kitu ila mchanga uliotifuliwa.

Alhamisi upepo haukuvuma, majani ya minazi yalining'inia kama nguo, lakini mapanga ya mtambo yalizunguka, na mkaguzi akafurahi.

"Na mpaka wa pori?"

"Ule pale, ng'ambo ya dimbwi," alisema Mwinshehe, akanyoosha kidole.

Mkaguzi aliinua kalamu, akasita. "Mmeleta mtoto huku?"

Kilio kilitoka chini ya maji, chembamba, cha mtoto aliyekaukiwa koo, na Mwinshehe alikijua kuwa ni cha Hija, kama anavyoijua sauti yake, akamwacha mgeni amesimama, akakimbia kati ya majaruba mpaka nyumbani, ambako alimkuta mkewe ameketi ameegemea ukuta, machozi yakimdondoka bila sauti, na mtoto kifuani akinyonya kwa pupa kama aliyenyimwa mwaka mzima.

"Ananyonya," alinong'ona Ashatu. "Ila huyu si niliyemzaa. Nitolee wangu kule, baba Hija. Nitolee."

Mwinshehe alichukua spana, akarudi mbio dimbwini, akaifungua mihimili mmoja baada ya mwingine huku mkaguzi akimpigia kelele kwamba ana wazimu, na kilio kule chini kikizidi kupanda na kumwita, mpaka nguzo ya mtambo ikayumba, ikalala na mapanga yake yote ndani ya dimbwi, na Mwinshehe akajitupa majini nyuma yake, akapapasa tope kwa mikono miwili.

Kilio kilikatika. Mikono yake ilitoka mitupu, na ng'ambo nguzo ya mpaka ilikuwa bado imesimama pale alipoichimbia.

Nyumbani, yule mtoto aliachia titi. Akageuza uso kuelekea dimbwini, akatulia kusikiliza, kisha akamtazama Ashatu na kutabasamu.