Honi Moja Mjini Aizawl

Siku Satbir Dhankhar alipopiga honi mjini Aizawl, mawingu yalisimama. Wapo wanaobisha, lakini hao hawakuwepo.

Alitoka Haryana, jimbo la tambarare ambako honi ni salamu. Lori lake la vitunguu lilikwama kwenye foleni iliyouzunguka mlima, nyumba nyingine zikining'inia juu yake na nyingine chini yake, zimesimama kwa miguu ya zege. Magari yalijaa hadi upeo wa macho, na kimya! Hakuna anayechomekea, hakuna anayetukana. Satbir akadhani watu wamefia ndani ya magari. Akabonyeza. Paaaa!

Mlima mzima ukageuka. Msichana wa skuta iliyokuwa mbele yake akavua helmeti, nywele zikamwagika juu ya jaketi jekundu. Chini alivaa puan nyeusi, vazi la kufumwa la kwao, limemkaa kiunoni kana kwamba lilifumwa akiwa ndani yake.

"Kaka, gari linaumwa?"

"Hapana, dada."

"Basi ni wewe."

Sauti gani ile! Satbir alisahau hata kuona aibu.

Sokoni, vitunguu vilipokwisha kushushwa, askari akamwomba leseni kwa upole. Satbir akapekua pochi, mifuko, hadi soksi. Hakuna. Lori likaegeshwa, naye akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Skuta ikasimama.

"Bwana Honi! Adabu umepoteza asubuhi. Sasa umepoteza nini tena?"

Jina lake Zodinpuii. Kwa mkato, Dini. Alimpakia hadi polisi kuandikisha upotevu, Satbir kafumba macho kila kona. Kisha wakaomba leseni mpya kwa simu.

"Itachapishwa kwetu Rohtak," alisema Satbir. "Jimbo lililokupa ndilo linalokupa tena. Itapelekwa nyumbani kwa mama."

"Wewe uko huku, leseni inaenda kwa mama?"

"Ndiyo utaratibu."

"Basi mama ataileta lini, tutaona. Kwanza tuitafute ya zamani."

Jioni Satbir akajua ile sauti ina kazi gani. Kila mtaa una kipaza sauti cha baraza, na msemaji wa mtaa ule alikuwa Dini. "Ndugu zangu, dereva mgeni amepoteza leseni. Tumsaidie." Maneno yalishuka bondeni, yakagonga mlima wa pili, yakarudi yamelowa ukungu. Na taa zikawaka chini ya miguu yake, nyingi, kana kwamba mbingu imepinduliwa. Satbir, ambaye maisha yake yote nyota zilikaa juu, alishika ukuta asije akaanguka ndani yake.

Asubuhi mtaa mzima uliinama. Wanakwaya walipekua nyasi. Mzee Thanga, mwenyekiti wa baraza, aliingia mtaroni mwenyewe, akatoka na leseni ya mtu aliyehama zamani.

Siku zikapita, simu zikawaka moto.

"Umekula?"

"Wali na yale majani ya haradali uliyochemsha."

"Na nini kingine?"

"Na kukuwaza."

"Hilo halishibishi, kipenzi."

Jumanne Satbir akawasha ubani mbele ya picha ya mungu wake, Hanuman, pale kwenye dashibodi. Picha ikateleza. Nyuma yake, leseni! Akakumbuka. Kabla ya kuanza kupanda milima alimkabidhi Hanuman amshikie, kama baba yake alivyofanya kila alipoogopa njia, kisha akasahau kwamba amekabidhi. Aliitazama kwa muda mrefu. Akiitoa, mchana yuko njiani kwao.

"Nishikie kidogo tena," akanong'ona, akairudisha.

Jioni ile Dini akatangaza. Na kesho yake tena. Watu wakatafuta mvuani.

Ijumaa Dini alikuja na chakula, akapanda ndani ya lori, akaona vumbi kwenye picha. "Mungu wa mtu asikae hivi," akasema, akaitwaa aifute. Leseni ikamwangukia mapajani.

"Ulijua?"

Satbir alitaka kusema hapana. "Tangu Jumanne."

"Mzee Thanga ameteguka mguu akiitafuta hii!"

"Dini, mpenzi, ningeitoa ningeondoka..."

"Usiniite mpenzi! Huku watu huacha mboga barabarani bila muuzaji, mnunuzi anachukua, analipa, anaondoka. Nikitangaza mtoto kapotea, watu wanaacha chakula mezani. Umeifanya sauti yangu iseme uongo. Kesho nani ataniamini?"

Akaondoka. Simu ya Satbir ikaita, ikakatika, ikaita tena, akapokea.

Aliyepiga ni mama, kutoka Rohtak. "Mpya imefika, nimempa binamu yako, yuko njiani. Ile ya zamani haifanyi kazi tena, hata ukiiona itupe. Umemkosea nini huyo msichana?"

"Umejuaje, mama?"

"Hujawahi kuchelewa kwa ajili ya vitunguu, na sauti yako ni ya mwenye kosa. Nenda ukaombe radhi, na uombe mbele ya wote uliowasumbua."

Binamu alipofika, Satbir hakuwasha lori. Alikwenda barazani. Mzee Thanga alikuwa kaweka mguu juu ya kiti, umefungwa bandeji.

"Mzee, naomba kipaza sauti."

"Utasema kweli?"

"Yote."

"Basi sogea. Usikibusu tu."

Satbir akakishika kwa mikono miwili. "Ndugu zangu, ni mimi Satbir. Leseni niliiona Jumanne, nikaificha. Dini hakujua, sauti yake haijawahi kuwadanganya, mwongo ni mimi. Mzee, mguu wako naubeba moyoni. Sasa ninayo leseni mpya na naweza kuondoka. Lakini nimempoteza mtu. Dini, ukinikubali niwe mumeo, nitakaa. Usipotaka, nitashuka mlima taratibu, bila kelele."

Maneno yakagonga mlima wa pili, yakarudi. Foleni yote ilizima injini. Ukungu ukasimama bondeni, na Satbir akasikia damu yake mwenyewe ikitembea.

Huko chini, kati ya mamia ya magari: pii.

Honi ndogo, ya skuta. Mlima mzima ukageuka.

"We dada!" dereva wa teksi akaita. "Hiyo skuta inaumwa?"

"Haiumwi," ile sauti ikajibu, bila kipaza sauti, na bonde zima likaisikia. "Ni mimi."