Nje ya Kamba

Gati lilifurika watu asubuhi ile. Watalii waligombania mapezi ya kuogelea, wabeba barafu walipiga kelele wapishwe, na katikati yao alipita dada mmoja wa gauni la njano, amekumbatia sanduku la keki. Alikuwa mwoka keki, na mgeni mmoja alitaka kusherehekea kuzaliwa kwake kisiwani. Akapanda botini kuikabidhi, akainama kuulegeza utepe. Alipoinuka, gati lilikuwa limebaki nyuma.

"Jamani! Nishusheni!"

"Kuogelea unajua?" aliuliza mwongoza wageni, kijana mrefu aliyebabuliwa na jua mpaka masikio.

"Sijui!"

"Basi tulia, dada. Tutarudi jioni."

Alimvalisha jaketi la kuokolea, kisha akatemea mate miwani ya kuzamia, akaisugua na kumpa.

"Mate yako usoni kwangu? Hata hatujajuana!"

"Yanazuia ukungu. Haya, temea ya kwako mwenyewe, Keki, usije ukanichukia bure."

Majini alimshika mkono, akamwonyesha kasa akila majani. Dada wa watu alisahau kuwa anaogopa, akacheka ndani ya mrija mpaka akapaliwa na maji ya chumvi. Toka siku hiyo alimwita kijana Nahodha, jambo lililomnunisha nahodha mwenyewe wa boti.

Wakapendana kweli. Simu hazikuisha.

"Umekula, Nahodha?"

"Bado. Nangoja makombo ya keki."

"Makombo wape samaki. Wewe nimekuwekea kipande kizima, mpenzi."

Ila kijana alikuwa na ila moja. Habari za kasa alizisimulia bila kupumua. Za moyo wake zilimkwama kooni. Ukimgusia ndoa, anakuonyesha wingu.

Ndipo hoteli kubwa ya nchi ya mbali ikamtaka Keki, jibu litolewe kesho yake. Akavaa gauni lile lile la njano, akapanda boti kama mgeni yeyote.

Kisiwani kulikuwa na mchanga uliozungushiwa kamba, mahali ndege wa bahari waitwao membe wanapotagia. Ndani ya kamba, hakuna kusema hata neno. Membe wakishtuka huruka wote, na shakwe hushukia mayai na kuyala. Sheria hiyo mwongoza wageni aliitangaza kwa ukali kila safari.

Keki aliisikia. Lakini ni pale tu, ndani ya kamba, ambapo wageni walikuwa mbali nao, macho kwenye darubini. Akanong'ona, "Kesho nawajibu wale wa hotelini. Niambie nisiende, siendi."

Membe mmoja akainua kichwa. Kijana akaweka kidole mdomoni.

Uso ukamshuka Keki.

Walitoka nje ya kamba, na hapo ruhusa ya kusema ilikuwepo. Mgeni akauliza habari za mayai, kijana akamjibu kwa kirefu. Botini Keki alikaa ubavuni pake. Kijana akaisingizia injini kelele. Gatini Keki aliinama muda mrefu akifunga viatu, kisha akaondoka. Kijana alikuwa na neno lake tayari, lakini aliogopa. Atamwambiaje mwanamke aache neema kwa ajili ya mtu ambaye bahari ikichafuka hula kwa dada yake?

Dada mtu hakumficha. "Umemwambia asiende?"

"Nitampigia."

"Utampigia lini, mdogo wangu? Akishazaa huko?"

Alipiga siku ya safari, Keki akiwa uwanja wa ndege.

"Keki, usiende."

Nyuma ya Keki kipaza sauti kiliita abiria.

"Nimeshasaini, Nahodha. Mizigo imeshaingia."

"Kile kidole kilikuwa kwa ajili ya ndege. Haki ya Mungu, mpenzi!"

"Unaniona mjinga? Najua kilikuwa cha ndege. Nikangoja utoke nje ya kamba. Nikangoja botini. Gatini nikajifanya nafunga viatu. Nilivaa ndala siku ile, Nahodha. Ndala zina kamba?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hebu sema tena."

"Usiende, Keki."

"Asante," alisema, na sauti ikamkatika. "Nilitaka tu kulisikia. Ule vizuri, mpenzi wangu."

Simu ikakatwa.

Kesho yake kulikuwa na wageni wengine, na kamba ile ile. Membe walilalia mayai kwa utulivu. Msichana mmoja akamsogelea mchumba wake, akafungua mdomo kumnong'oneza. Mwongoza wageni akainua kidole kwa mazoea. Hakikufika mdomoni.

"Mwacheni aseme!" alipaza sauti. "Sema, dada! Sema sasa hivi!"

Membe wote wakaruka. Wageni wakabaki wameduwaa, na yeye akasimama katikati ya mayai akilia, huku shakwe wakianza kushuka.