Kiatu cha Ema Nilichokipanga na Viatu vya Wafu

Nina umri wa miaka ishirini na tatu, ni kifungua mimba wa Mama Ema, na bado naishi naye katika nyumba za reli hapa Makongeni. Mmeona ajabu hiyo? Mimi ndiye wa kwanza, naitwa Nekesa, lakini hakuna mtu mtaani anayemwita Mama Nekesa. Alikataa. Ukimwita hivyo hageuki. Yeye ni Mama Ema, na Ema mwenyewe hayupo...

Nawaandikia ninyi kwa sababu siwezi kumwambia yeye. Wala pasta siwezi. Wala Baba, aliyestaafu kazi ya reli akarudi Bungoma. Ninyi hamnijui. Mtanitukana mkimaliza kusoma, na matusi hayo nayastahili.

Acheni nianze na viatu.

Mnavijua vile viatu vya watoto vinavyolia? Mtoto akikanyaga, piii... piii... Mama alimnunulia mdogo wangu wa kiume, Ema, jozi moja, ya buluu, yenye kichwa cha bata mbele. Haikuwa urembo. Mama ana kibanda cha mboga kule Mbotela, na alitaka kusikia Ema yuko wapi hata akiwa ameinama akikatia wateja sukuma wiki. Ema alikuwa na miaka mitatu na hakai mahali pamoja. Majirani walilalamikia kelele hizo mpaka wakachoka!

Jumamosi moja Mama alitupeleka soko la Muthurwa kununua nyanya za kibanda. Nilikuwa na miaka tisa. Akaniambia nimshike Ema mkono, nisimwachilie hata kidogo. Nikamshika. Kisha muuza miwa mmoja akanionea huruma, akaninyooshea kipande... nikauachilia mkono wa Ema ili nipokee. Nilimsikia nyuma yangu, piii, piii, nikajua yupo. Sikugeuka. Nilikuwa natafuna muwa! Nilipokuja kushtuka, nilikuwa sisikii tena kitu.

Tulimtafuta hadi soko likafungwa. Tulienda polisi, hospitalini, mochari, redioni. Kilichopatikana ni kiatu kimoja tu, cha mguu wa kushoto, kando ya mtaro. Mikokoteni ilikuwa imekikanyaga mpaka kikanyamaza, na mkanda wake ulikuwa umekatika. Mama aliushona kwa uzi wa kijani wa kufumia vitambaa vya viti, maana ndio aliokuwa nao nyumbani.

Kwa miaka kumi na miwili kiatu hicho kilikaa juu ya kabati, ndani ya mkebe wa biskuti. Kila Jumapili kabla ya kanisa Mama alikitoa, akakipangusa, akabonyeza soli kwa kidole gumba, akasikiliza. Hakikulia hata siku moja. Akakirudisha. Baba alipostaafu alimsihi waende wote Bungoma, naye akasema hatoki Makongeni. Ema anaujua mlango huu tu. Je, akija akute wageni?

Na mimi? Hakuna aliyewahi kunilaumu. Hata neno moja! Afadhali wangenichapa.

Nilipofika mwaka wa tatu chuoni, hapa hapa mjini, vita vya Gaza vilikuwa vimejaa kwenye simu zetu. Watoto wanatolewa chini ya vifusi, wengine hawatolewi kabisa... Sikuwa mtu wa siasa. Lakini nilikuwa na rafiki darasani, Hafsa, msichana wa Eastleigh, mdogo wa umbo lakini akishika kipaza sauti unasimama usikilize. Alinialika kwenye mkutano wao wa wanafunzi. Nikaenda mara moja, nikaenda mara ya pili, mwisho nikawa mmoja wa wapangaji.

Kanisani walinisema. Eti Wapalestina wananihusu nini mimi Mkristo? Wengine walinong'ona kwamba nimesilimu kisirisiri. Mtu pekee ambaye hakunisema ni Mama. Jioni moja alichungulia simu yangu akaona mwanamke anachimba kifusi kwa mikono, na wanaume wanamvuta aondoke. Mama alisema: "Si wamwache? Bado hajampata." Kisha akaendelea kumenya viazi.

Maneno hayo yangenitosha kama ningekuwa na akili. Sikuwa nayo!

Tulipanga siku ya kuwakumbuka watoto waliouawa. Tungepanga viatu vya watoto kwenye nyasi mbele ya maktaba, na kando ya kila jozi tuweke kadi yenye jina la mtoto na umri wake. Hafsa alileta vya wapwa zake. Wengine walinunua vya mitumba Gikomba. Mimi nilisema nitaleta cha kwangu, kitakachouma kuliko vyote.

Jumatano asubuhi, Mama alipotoka kwenda kibandani, nilishusha ule mkebe. Nilipiga hesabu zangu vizuri. Mama hukitoa Jumapili tu, na jioni hiyo hiyo kitakuwa kimerudi. Nani atajua? Hafsa, niliyekuwa nimemsimulia habari za Ema, alipokiona aliuliza: "Mathe wako anajua umekibeba?" Nikamjibu anajua. Huo ndio uongo wangu wa kwanza.

Nilikiweka kwenye mstari wa mbele, na kando yake kadi ya mvulana wa Gaza wa miaka mitatu. Vyote vilikuwa jozi, chake peke yake kilikuwa kimoja. Watu walikuja kukipiga picha hicho hicho. Kisha Hafsa akanipa kipaza sauti, nami nikasikia mdomo wangu ukisema mbele ya umati: "Kiatu hiki ni cha ndugu yangu. Najua uchungu wa kufiwa na mtoto nyumbani. Ndugu yangu alikufa."

Alikufa! Neno ambalo halikuwahi kutamkwa nyumbani kwetu.

Na sasa ndipo penye dhambi yenyewe, wasomaji wenzangu. Mnafikiri nililia kwa uchungu? Nililia kwa raha. Nilijihisi mwepesi. Nilijidanganya kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya watoto wa Gaza, lakini nilikuwa nataka Ema afe. Nilitaka mtu aje aseme basi, amekufa, tumlilie, tumzike hata jina tu, Mama aende kwa mume wake na siku moja aniite mwanawe. Niliwatumia watoto wa watu kumzika ndugu yangu. Mungu anisamehe...

Sikumaliza hata kurudisha kipaza sauti. Askari waliingia kwa lango la nyuma na vitoza machozi vikaanza kuruka. Kila mtu alikimbia upande wake. Nilikimbia na mkoba wangu. Nilikimbia na simu yangu. Kiatu nilikiacha! Mkono ule ule uliomwachilia Ema kwa kipande cha muwa ulishika simu, ukaacha kiatu.

Niliporudi mchana nyasi zilikuwa zimefagiliwa, safi kabisa. Mfagiaji mmoja aliniambia kwamba viatu vyote viliingizwa kwenye magunia, na lori limeshakwenda jalalani Dandora. Nilimpigia Hafsa simu, akaja mbio. Alinishika mkono tukaenda huko, tukaingia kwenye taka kwa viatu vyetu vya kuendea chuo. Akina mama wanaookota plastiki walitushangaa. Kiatu kimoja cha mtoto? Walituonyesha jalala lote kwa mkono, wakacheka, kisha waliponiona nalia wakaacha kucheka na wakatusaidia kutafuta. Hatukukipata.

Bado nilikuwa na siku tatu kabla ya Jumapili. Nilidhani nina siku tatu.

Alhamisi asubuhi Mama Shiru, jirani yetu anayeuza viazi kando ya kibanda cha Mama, alifungua simu yake. "Wewe Mama Ema, njoo uone! Si huyu ni msichana wako?" Video ilikuwa imeenea kila mahali. Mama alimwona binti yake, akaona kiatu, akaujua ule uzi wa kijani. Akanisikia nikisema mwanawe alikufa. Mama Shiru aliniambia baadaye kwamba Mama aliomba airudie mara tatu, kisha akafunika mboga zake kwa gunia akaja nyumbani kwa miguu.

Nilimkuta amekaa na mkebe mtupu mapajani. Nilipiga magoti. Nilitaka anipige, jamani! Hakunipiga. Aliniuliza yule mtoto aliyeandikwa kwenye kadi ni nani. Nikamweleza. Akauliza kama mama yake mtoto huyo yuko hai. Nikasema sijui.

"Ungeniuliza ningekuja," akasema. "Ningekuja nacho mwenyewe, nisimame na huyo mama mwenzangu. Ningekishika mkononi, Nekesa. Nisingekiweka chini."

Kisha akaniambia nikirudishe. Basi.

Ningerudisha nini? Mama aliacha kwenda kibandani. Aliacha kupika, baadaye akaacha kula. Alikaa kwenye kiti akiutazama mlango, na mkebe uko mapajani. Jumapili ilipofika aliufungua, akaingiza kidole gumba, akabonyeza hewa... Mimi niliona kwa macho yangu! Baba alikuja kutoka Bungoma, akamsihi, akashindwa, akaketi nje akalia. Daktari alisema mwili hauna ugonjwa. Wiki zilipita, nguo zikawa zinamning'inia, nami nikajua nitampoteza na huyu pia.

Nikaanza kwenda Muthurwa kwenye malundo ya mitumba. Nilikuwa sijakanyaga soko lile tangu nikiwa na miaka tisa. Kila mtoto aliyepita na viatu vinavyolia nilimgeukia. Katika mwezi wa pili wa kutafuta nilipata kinachofanana nacho. Cha buluu, chenye kichwa cha bata, mguu wa kushoto. Nilikaa choo cha nje nikaukata mkanda, nikaushona kwa uzi wa kijani niliouchukua kwenye kikapu cha Mama mwenyewe. Nilikisugua kwa udongo. Nilikikwaruza kwa jiwe. Nilifanya kazi nzuri sana.

Nilimpelekea saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi. Nikamwambia mwanamke mmoja wa Dandora alikuwa amekiokota akakihifadhi. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Aliugusa uzi. Alikinusa. Kisha akafanya jambo ambalo amelifanya kila Jumapili tangu Ema apotee, nami mjinga sikulikumbuka kabisa. Alibonyeza soli kwa kidole gumba.

Piii.

Nilisubiri anigeukie. Nilisubiri anitupie kile kiatu usoni, aniite muongo, anifukuze nyumbani, yote yaishe.

Mama alisimama. Yeye ambaye kwa wiki mbili alikuwa anashikiliwa kwenda msalani, alisimama peke yake! Akabonyeza tena. Akatoka nje na kile kiatu mkononi, anaita majirani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Kinalia! Mmesikia? Miaka yote kilinyamaza, leo kinalia! Mwanangu yuko hai! Ema yuko hai!"

Akina mama walitoka kwenye milango yao na mikono ina sabuni. Mama Shiru alipiga vigelegele. Mtu akaanza wimbo wa kanisani. Mama alinikumbatia mbele ya watu wote, akanishukuru, akaniita binti yake aliyemrudishia mwanawe... Ningesema nini? Niambieni, ningefungua mdomo niseme nini?

Hiyo ni karibu miaka miwili sasa. Mama anakula. Kibanda kimefunguliwa. Ametoa ushuhuda kanisani, nami nilisimama mstari wa pili nikapiga makofi. Hafungi mlango kwa komeo mchana. Kila siku anabakisha chakula kwenye sahani moja, tena sahani ya mtu mzima, maana amepiga hesabu Ema sasa ni kijana. Baba anazeeka peke yake Bungoma. Ameacha hata kumwomba. Na kile kiatu hakingoji tena Jumapili, kinabonyezwa kila asubuhi.

Mara mbili nimekishika na sindano mkononi. Tundu dogo tu kwenye kile kifilimbi kilicho ndani ya soli, kinyamaze. Nimeshindwa. Nikikinyamazisha namuua Ema tena, na Mama pamoja naye. Nikikiacha, naishi na ule mlio. Nausikia darasani. Nausikia nyuma yangu barabarani, nageuka, sioni mtoto.

Msinielewe vibaya. Siwaambii muache kuandamana. Wale watoto wanastahili kutajwa majina, na Hafsa akisimama leo nitasimama naye. Lakini nawaomba, hasa ninyi vijana wenzangu mnaowaka moto kwa ajili ya haki: usichukue msiba wa nyumbani kwenu ukaupeleka mbele za watu kabla hujamwomba mwenye msiba. Muulize kwanza. Huenda angekuja mwenyewe, kama Mama yangu. Na ukishakosa, kosa lako libebe hivyo hivyo kwa ukweli, hata kama ukweli huo utakukosesha mama. Usilishone kwa uzi!

Mimi nimechelewa. Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika haya, Mama aliniita akiwa jikoni. "Nekesa, njoo usikilize, leo kinalia kwa nguvu." Nikaenda. Nikasimama kando yake, nikasikiliza, nikamwambia ndiyo, Mama, nakisikia.