Moshi Nao Una Kipimo

Mume wangu ni muadhini. Mtaani wanamwita Zumari kwa sababu ya sauti yake. Mimi nilimsikia kabla sijamwona, na ukweli ni kwamba nilimpenda kabla sijamwona. Nilipomwona nikakuta masikio makubwa, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Nyumba yetu iko nyuma ya msikiti. Mbele ya msikiti pana stendi ya mabasi, na ng'ambo ya stendi pana kanisa. Mabasi hukaa pale yakiunguruma, yakisubiri abiria. Moshi wake ulikuwa ukiingia kwa kila mtu bila kupiga hodi. Nikianika mashuka meupe asubuhi, jioni naanua ya kijivu. Tulizoea. Binadamu huzoea hata kinachomuumiza.

Kisha Zumari akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni mafua. Baadaye kikohozi kikawa kinamkata katikati ya adhana, hasa alasiri, stendi inapojaa. Nikaanza kumpelekea maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai. Nilisimama mlangoni pa msikiti, akimaliza tu namkabidhi.

Tukaenda kwa daktari.

"Mzee, unavuta sigara?" daktari akauliza.

"Sijawahi hata kuiwasha."

"Unafanya kazi wapi?"

Zumari akamweleza. Daktari akatikisa kichwa. "Basi wewe unavuta mabasi. Dawa nitakupa. Lakini ukirudi kwenye moshi uleule, mimi nitakuwa nazima moto, na wewe unatia kuni. Ama moshi upungue, ama uache kuadhini."

Siku ile Zumari hakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza, "Mama watoto, nikiacha kuadhini, nitakuwa nani?"

Mimi humtania mume wangu kwa kila jambo. Siku ile nilikaa karibu naye, nikamshika mkono. Niliogopa.

Wa kwanza kuja kumjulia hali alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka kanisani. Ni mtu mnene mwenye sauti nzito, rafiki yake wa miaka mingi.

"Pole, Shehe," alisema. "Hata kwangu hali ni hiyohiyo. Tukiimba wimbo wa furaha, unasikika kama wodi ya wagonjwa. Twende tukaseme."

Imamu akakubali. Mchungaji akakubali. Tukaenda manispaa, msikiti na kanisa pamoja, wanawake kwa wanaume. Afisa wa mazingira alitupokea vizuri. Mchungaji akaeleza kwamba dunia ni kazi ya Mungu. Imamu akaeleza kwamba dunia ni amana. Kwaya ikaimba. Mwisho tukaomba dua, na afisa akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi.

"Wazee wangu," akasema, "hewa safi sote tunaitaka."

Tukatoka tukipeana mikono. Tulijiona tumemaliza kazi. Lakini wiki zikapita, moshi ukabaki palepale. Mabasi hayakuwa na habari kwamba tumeyaombea.

Jirani yetu ni mkaguzi wa magari. Jioni moja alikuja kunirudishia chujio langu la chai. Akamkuta Zumari ameshika kifua.

"Shemeji, yule afisa mlimwomba nini?"

"Hewa safi," Zumari akajibu.

"Ndiyo maana! Hewa safi mwombeni Mungu. Serikali iombeni kipimo."

"Kipimo gani?" nikauliza.

"Sheria ya mji wetu inasema gari lisitoe moshi mwingi. Mwingi ni kiasi gani? Haisemi. Mimi nikisema huu ni mwingi, mwenye basi anasema ni kidogo. Tunabishana, gari linaondoka. Dada, ukienda dukani, unamwambia muuzaji akupe sukari ya kutosha?"

"Thubutu! Ya kutosha kwake na ya kutosha kwangu hazifanani. Apime."

"Na moshi nao una kipimo. Kipo chombo chake. Unaingiza mrija kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta, chombo kinasoma namba. Namba haioni haya, wala haina shemeji."

Zumari akasema polepole, "Na sisi tunakatazwa kupunja mizani. Hata kanisani wanakatazwa."

"Basi mmeshapata hotuba," jirani akasema. Kisha akainua chujio langu. "Sikilizeni. Moshi wa dizeli una masizi madogo sana. Pua haiwezi kuyazuia. Yanaingia mpaka ndani ya mapafu. Yanaleta kikohozi, yanachochea pumu, yanaumiza hata moyo. Kwa hiyo magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana kichujio ndani ya bomba la moshi. Kinakamata masizi kama hili linavyokamata majani. Sasa kikiziba, watu hawakisafishi. Wanakikata na kukitupa."

"Kwa nini kinaziba?"

"Wakati mwingine injini ni mbovu. Wakati mwingine ni dizeli yenyewe. Ikiwa na salfa nyingi, inaharibu kichujio. Kwa hiyo ombeni na dizeli safi. Lakini hiyo haiko mikononi mwa manispaa. Ombi hilo lipelekeni wizarani." Akasimama aende zake. Mlangoni akageuka. "Na kabla hamjaenda kokote, pimeni la kwenu."

"La kwetu lipi?" Zumari akauliza.

"Gari la maziko la msikiti, shemeji."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Gari lile lilitoa moshi mweusi, waombolezaji wakikohoa njia nzima. "Kweli," nikasema, "lile gari linatafuta abiria wa safari ijayo."

Zumari akanikata jicho. Kisha akacheka naye, na kicheko kikageuka kikohozi.

Ijumaa, baada ya swala, jirani alileta chombo chake uani msikitini. Waumini wakazunguka. Mwalimu wa kwaya naye akaja na basi la kanisa. Gari la maziko likawashwa. Namba yake ilikaribia mara mbili ya kikomo kinachotumika nchi nyingine, alichotuonyesha jirani. Kumbe tulikuwa tukilalamikia moshi wa stendi, na wetu tukiusindikiza wenyewe.

Basi la kanisa likapata namba ndogo kidogo. Mwalimu wa kwaya akainua mikono kwa ushindi.

"Na wewe umefeli, mwalimu," jirani akamwambia. "Ila umefeli kwa adabu."

Fundi akaingia chini ya gari la maziko. Mahali pa kichujio palikuwa patupu, kilikuwa kimekatwa. Nozeli za kunyunyizia dizeli kwenye injini zilivuja mafuta. Kichujio cha hewa kilijaa vumbi. Alitengeneza yote, na basi la kanisa pia. Yalipopimwa tena, yote mawili yakafaulu. Dereva wetu akaongeza habari nyingine: gari sasa linakunywa dizeli kidogo.

Wiki iliyofuata hotuba ya msikitini na mahubiri ya kanisani yalikuwa juu ya kipimo cha haki. Kisha tukarudi manispaa. Ulikuwa mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi. Afisa alipotuona akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa.

"Karibuni dua," akasema.

"Ahsante, mheshimiwa," Zumari akajibu. "Dua inaendelea nyumbani. Leo tumekuja na kipimo."

Akaeleza. Sheria itaje namba. Kila gari lipimwe kwa chombo kila mwaka. Lililokatwa kichujio lisipite. Basi linalosubiri abiria lizime injini. Alikohoa mara mbili akiwa anaeleza, na hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

Mwenye mabasi mmoja akasimama. "Mkitubana hivi, magari yataegeshwa na nauli itapanda. Waumini wenu ndio watakaotembea kwa miguu!"

Maneno yale yalikuwa ya kweli, tusidanganyane.

Mwalimu wa kwaya akainuka. "Ndugu yangu, hatusemi iwe kesho. Mpewe muda. Na hatukuambii ufanye tusilolifanya. Magari yetu yalifeli. Tumeyatengeneza, na sasa yanatumia mafuta kidogo. Yako pale nje. Njoo uyapime kwa mkono wako."

Mwenye mabasi akatoka nje, akapima. Aliporudi hakusifu, lakini hakubisha tena.

Haikuisha siku ile. Vikao vilifuata, na kila kikao tulikwenda. Mwishoni manispaa ikaandika namba ndani ya sheria, na wenye magari wakapewa muda wa kutengeneza. Ombi la dizeli safi limekwenda wizarani, likiwa na saini za msikiti na kanisa. Jibu bado. Imamu anaulizia, mchungaji anaulizia, na sisi hatuchoki.

Alasiri moja, baada ya muda ule kwisha, nilisimama mlangoni na chupa yangu kama kawaida. Stendi ilikuwa imejaa. Zumari akaanza kuadhini. Sauti ikapanda. Alipokaribia pale anapokatwa siku zote, nikaishika chupa kwa mikono miwili.

Akapita. Akaendelea mpaka neno la mwisho, bila kukohoa. Ng'ambo, mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, anasikiliza.

Zumari akatoka. Nikamnyooshea chupa.

"Leo sina kiu," akasema. "Kunywa wewe."

Nikanywa palepale, machozi yakinitoka. Akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni moshi.

Akatazama stendi, mabasi yamezima injini. Akanigeukia.

"Moshi upi, mama watoto?"