Hodi Kwenye Mto Mkavu

Injini ya kushoto ilipoanza kukohoa, fundi Damiano alikuwa ameshasimama. Sajenti Kondo aliliona hilo. Moshi ulikuwa haujatoka bado, rubani hajapiga kelele, oili haijatapakaa nyeusi kwenye kioo. Mtu anayesimama kabla ya wenzake, Kondo alijiambia, alikuwa anangoja jambo.

Ilikuwa Septemba 1988. Ndege ya jeshi ilikuwa ikitoka kusini, kwenye vita vya nchi jirani, kwenda Dodoma. Haikufika. Iliparua vichwa vya miti, bawa likakatika, ikaburura tumbo kwenye nyasi kavu katikati ya Mikumi na Kilosa, ikalala ubavu kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Marubani wote wawili walikufa pale pale. Moto ulikula redio na madumu ya maji.

Walibaki wanne: Kondo, Damiano, nesi Costancia aliyezaliwa Mvumi, na askari Makarius, ambaye alikuwa anarudishwa nyumbani na risasi ya paja. Sasa jeraha lilikuwa limefumuka upya.

Kondo akatoa daftari lake. Hakuna aliyepita mbele ya Kondo bila kuandikwa.

"Nani wa mwisho kugusa ile injini? Taja jina."

"Jina langu unalijua, afande."

"Taja!"

"Damiano."

Moto ulipopoa, Damiano aliingia kwenye mabaki, akagongagonga, akatoka na kitu amekisokomeza ndani ya shati. Costancia alikiona. Kondo naye alikiona. Hakuna aliyeuliza.

Siku mbili walikaa wakitazama mbingu. Chupa moja ya maji waligawana kwa kifuniko, na kila kifuniko kilipopita, Kondo alilitazama shati la Damiano. Asubuhi ya tatu chupa ilikauka. Costancia alimfunga Makarius upya kwa kitenge chake, akasali kwa sauti ndogo, akasema, "Reli iko kaskazini. Jua tuliweke mkono wa kulia mpaka mchana. Huyu akikosa maji leo, kesho hatutambeba mgonjwa."

Walimbeba kwa turubai. Nyasi ziliwakata miguu. Tai walikuwa juu, hawana haraka. Saa sita walishuka kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, na ukingoni wakakuta boma la miiba, jivu bado la moto, mavi ya ng'ombe mabichi. Mbali kidogo kengele ya ng'ombe ililia.

Kondo akainua bunduki. "Jeshi hapa! Tokeni, mtaje majina yenu!"

Kengele ikanyamaza. Halafu ikasikika mbali zaidi, halafu haikusikika tena.

"Dada," Makarius alisema, midomo imepasuka, "wamekimbia?"

Kondo akageuka, bunduki ikageuka naye, ikasimama kifuani kwa Damiano. "Toa hayo maji."

"Maji gani?"

"Ya kwenye shati! Siku tatu unayaficha, kijana anakufa!"

Damiano akacheka, kicheko kikavu kama koo lake. Akatoa kipande cha bomba la oili, kimepasuka, kimezungushiwa waya.

"Kunywa, afande."

Kondo akakishika. Nje kilikuwa na rangi mpya. Ndani kutu tupu.

"Zamani kipuri kilitoka stoo na mhuri wake," Damiano alisema. "Siku hizi ruksa, kinanunuliwa kokote. Nilikikataa. Nikaambiwa funga waya, majeruhi wanangoja. Nikafunga. Tangu tunapaa nilikuwa naisikiliza ile injini."

"Kwa nini ulificha?"

"Ungeniandika peke yangu."

Costancia alikuwa anatazama nyayo za ng'ombe: zote zilishuka mchangani, na juu hapakuwa na maji. Mwenye ng'ombe alijua yalikofichwa.

"Afande, vua shati," alisema. "Wewe pia, Damiano. Bunduki iwekeni chini, mbali."

"Nesi, kuna simba humu."

"Na kuna watu. Wako ndani ya hifadhi na mifugo yao, na wenye sare ndio wanaowafukuza. Wewe unawaita kwa bunduki, halafu unataka majina. Nani atakuja?"

Kondo aliiacha bunduki ukingoni, akavua shati polepole, kama anayevua ngozi. Costancia akasimama katikati ya mto, akapiga magoti mchangani, akapaza sauti kwenye kichaka kisicho na mlango.

"Hodi, wenyewe! Tuna mgonjwa!"

Kimya.

"Hodi!"

Nzi tu kwenye jeraha la Makarius. Costancia akameza mate ambayo hakuwa nayo. Hodi ya tatu ikikosa jibu, mgeni huondoka, na wao hawakuwa na pa kuondokea.

"Hodi, jamani!"

"Karibu," sauti ikajibu nyuma yao.

Mzee mrefu alikuwa ameshasimama kati yao na bunduki, fimbo begani. Alimtazama Kondo kifua wazi, mbavu zikihema. Kondo alitazama chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maji nitawapa. Jina langu msiulize."

Penseli ilikuwa tayari mkononi mwa Kondo. Hata mwenyewe hakujua ameitoa saa ngapi. Akairudisha mfukoni mwa suruali.

Mzee akatembea hatua ishirini, akaburuta tawi la miiba, akafunua shimo. Chini, maji yalimetameta. Costancia alijaza kibuyu cha mzee, akampa Makarius kidogo kidogo, akilia bila machozi. Jioni walikuwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na mzee aliwaacha pale reli ilipoonekana.

Kilosa, kapteni wa kambi yao alikuja kuwahoji. Makarius alikuwa wodini, mguu umekatwa, roho ipo. Damiano aliliweka bomba mezani mwenyewe. "Liandikwe hili, afande. Na jina langu liandikwe." Kondo akasema, "Na langu chini yake. Nimeliona."

Kapteni akaandika. "Maji mlipata wapi?"

"Mzee mmoja alitupa," Kondo alisema.

"Ndani ya hifadhi? Mfugaji? Jina lake nani?"

"Sikumuuliza."

Kapteni akaweka kalamu chini, akacheka. "Wewe, Kondo? Usiulize jina?"

"Sikumuuliza, afande."

Kapteni akamgeukia Costancia, ambaye kila mtu kambini alijua hasemi uongo. "Nesi?"

"Ni kweli," Costancia alisema. "Hakumuuliza."